Muulize Shangazi: Daktari aliuona mguu wa mama kwenye simu, kaka akakataa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mbagala. Mama yetu yuko kijijini, milima ya Lushoto, anakaa na kaka yangu mkubwa na familia yake. Ana miaka 61 na ana sukari, mwaka wa saba huu anameza vidonge.

Mwezi wa tatu, Jumapili jioni kama saa kumi na mbili, mtoto wa kaka alinitumia picha ya mguu wa bibi yake. Mama alichomwa na mwiba Alhamisi akipalilia maharage. Ijumaa mguu ukauma, Jumamosi ukavimba, Jumapili hakuweza kukanyaga. Mimi kwenye ile picha niliona mguu umenenepa na unang'aa, basi. Sikuona wekundu wala kidonda cha maana. Ila moyo haukutulia, nikalipa shilingi 15,000 kwenye huduma moja ya daktari kwa simu.

Daktari alikuwa dada, kwa sauti bado kijana. Aliomba picha ya miguu yote miwili ikiwa pamoja, na nyingine ya pale uvimbe unapoishia. Akauliza kama mama ana homa, kama anatetemeka, sukari imepimwa lini, na kama maumivu ni makali kuliko mguu unavyoonekana. Akasema apelekwe hospitali usiku huohuo, tusingoje asubuhi. Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akasema yanaweza kuwa maambukizi chini ya ngozi, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na kuna jambo baya zaidi ambalo hawezi kuliondoa mpaka mtu auguse ule mguu.

Kaka akakataa. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara utelezi, bodaboda wanataka 30,000 usiku. Akasema, "Daktari gani anataja magonjwa matatu? Hata mimi nikitaja matatu, moja litapatia." Wakamkanda mama kwa maji ya moto, wakampaka mafuta ya nyonyo. Wakaondoka Jumatatu saa nane mchana, mama anatetemeka na maneno yake hayaeleweki. Alilazwa siku kumi na moja. Walimchana mguu wakatoa usaha na nyama iliyokufa. Mguu umebaki, namshukuru Mungu, lakini anachechemea.

Mwezi wa sita mtoto mdogo wa kaka, miaka mitatu, akatoka vipele. Nikalipa huduma ileile. Safari hii daktari mwingine, picha moja ya kifua, mazungumzo dakika nne. Akasema ni mzio, akaandika dawa ya maji na tyubu ya kupaka. Wiki tatu baadaye nyumba nzima inajikuna. Kituo cha afya wakasema ni upele, ule wa kuambukizana. Kaka anacheka mpaka leo. Kila nikifungua mdomo kuhusu afya ya mama ananiambia, "Mpigie daktari wako wa picha."

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Uvimbe wa mama ulikuwa umepita goti, kwa hiyo yule kijana wa kaka aliyenitumia picha alipiga mpaka kwenye paja, na kabla ya kunitumia mimi aliiweka kwenye kundi la ukoo. Tuko watu 64, wakwe wamo. Mama alipopata nafuu akasikia. Hasemi na mjukuu wake, na mimi ananijibu kwa mkato kana kwamba simu ile niliishika mimi.

Mama bado ana sukari, bado yuko mbali, na mimi bado sina nauli ya kwenda kila mwezi. Niendelee kuwaamini hawa madaktari wa simu au niache? Na siku nyingine nifanyeje?

Fundi wa Mbagala

* * *

Marahaba mwanangu, na pole. Mpe mama pole zangu pia.

Nianze na kaka yako, maana ndiye aliyeshika funguo za safari. Hoja yake kwamba daktari anayetaja magonjwa matatu hajui kitu nimeisikia miaka yote niliyovaa sare ya uuguzi, na imewagharimu wengi. Watu tunataka daktari ataje jina. Akitaja jina moja kwa sauti nene tunamwamini, hata kama amekosea. Akisema "inaweza kuwa hiki au kile" tunaona anabahatisha. Yule dada hakubahatisha. Jina alilisitiri kwa sababu picha haikumpa jina. Ilimpa kitu kingine, nacho alikitaja bila kusitasita: usiku huu.

Kwa ngozi ya dharura, kazi kubwa ya picha ni kukuonyesha una saa ngapi mkononi. Mguu uliovimba siku tatu baada ya mwiba, kwa mtu wa miaka 61 mwenye sukari, ambaye hawezi kukanyaga: hapo jina liwe lolote, mlango ni mmoja. Maambukizi ya chini ya ngozi, yale wanayoyaita selulaitisi, yanataka dawa ya kuua bakteria mapema, na kwa mtu wa sukari mara nyingi kwa mshipa. Damu iliyoganda inaweza kung'oka ikaenda kuziba kwenye mapafu. Na lile la tatu ambalo hakutaka kulitaja kwa jina ni maambukizi yanayokimbia chini kwa chini na kuua nyama huku ngozi ya juu bado inaonekana ina nafuu. Ndiyo maana alikuuliza kama maumivu yanazidi mguu unavyoonekana. Mgonjwa analia, wewe ukitazama unaona uvimbe tu: hiyo ni moja ya dalili za mwanzo kabisa, kabla hajatoka malengelenge, kabla ngozi haijageuka rangi ya zambarau au nyeusi. Hapo dawa peke yake haitoshi, inabidi daktari wa upasuaji akate nyama iliyokufa, na kila saa inayopita anakata zaidi.

Kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa nane mchana wa pili ni saa ishirini. Sisemi hivyo umkabe nazo kaka yako. Mvua ilikuwa mvua kweli, na 30,000 ni pesa. Lakini ajue kwamba yale maneno yasiyoeleweka ya Jumatatu hayakuwa uchovu. Sumu ya maambukizi ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Na lile la kumkanda kwa maji ya moto lisirudiwe. Mtu mwenye sukari ya miaka saba huenda miguu yake haihisi joto sawasawa, mnaweza kumbabua asijue, halafu kuchua mguu wenye maambukizi au wenye damu iliyoganda ni kuchokoza nyuki.

Ulisema hukuona wekundu. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi wa rangi yetu. Karibu kila maelezo ya ugonjwa wa ngozi utakayosoma yanasema "ngozi inakuwa nyekundu". Yameandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe, na picha za vitabuni nyingi ni za ngozi hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuwa kahawia iliyokolea, au zambarau, au kijivu, au usionekane kabisa ukabaki ule mng'ao ulioutaja, ngozi iliyovutika kama ya ngoma. Kwa hiyo sisi tunatafuta kwa mkono. Weka mgongo wa kiganja kwenye mguu mzima, kisha kwenye mguu unaouma. Joto likitofautiana, mwambie daktari. Ndiyo sababu yule dada aliomba miguu yote miwili kwenye picha moja: alikuwa anaulinganisha mguu wa mama na mguu wa mama, si na mguu wa kitabuni. Huyo ni daktari anayeijua kazi yake, na ningekuwa wewe ningetafuta namna ya kumpata yeye tena.

Sasa yule wa pili.

Huyo alikosea, na alikosea kwa namna ambayo simu inaifanya iwe rahisi: alitazama picha badala ya kumtazama mgonjwa. Upele wa kuambukiza haujifichui kifuani. Unakaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makwapani, sehemu za siri, na kwa watoto wadogo hata kwenye viganja na nyayo. Unawasha zaidi usiku. Swali moja tu lingetosha kumwamsha: nani mwingine hapo nyumbani anajikuna? Hakuuliza. Naye alipata picha moja isiyo na historia, na hapo wewe pia una sehemu yako ndogo, ingawa kuuliza ilikuwa kazi yake.

Kama hamjamaliza matibabu, kumbuka upele hautibiwi kwa mtu mmoja. Nyumba nzima inapaka dawa siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna, mara nyingi ni ile BBE au permethrin, na mtoto mdogo kipimo chake aulizwe mtaalamu, asipakwe kama mtu mzima. Nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa siku hiyohiyo. Muwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa hata wadudu wakishakufa, msije mkadhani dawa imegoma mkaipaka kila siku. Ila vikitoka vidonda vyenye usaha mrudisheni mtoto, kwa sababu bakteria wanaoingia kwenye vidonda vya upele wanaweza kuleta shida ya figo baadaye. Na ile tyubu aliyoandikiwa, kama ndani yake kuna steroidi, ile dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe, acheni kupaka. Tyubu za namna hiyo zimejaa kwenye maduka ya dawa, nyingine zina dawa tatu ndani ya bomba moja, na zinatuliza kila kitu kwa wiki moja: fangasi, upele, mzio. Chini yake ugonjwa unaendelea kutembea, na siku ya kupiga picha tena hata bingwa hautambui.

Kwa hiyo, niwaamini au niache? Mimi nina kanuni niliyojitungia, na ninaitumia hata kwa wanangu. Daktari wa simu akiniambia nenda hospitali, naenda, sibishani. Hana faida yoyote kunituma kwa mwenzake, na kosa lake likiwa kosa, limenigharimu nauli. Akiniambia baki nyumbani, simwachi akate simu kabla hajanijibu: nibaki mpaka nione nini? Mpaka lini? Anayejua kazi atakwambia, "Uvimbe ukivuka mstari, au homa ikipanda, au kesho saa hizi kusiwe na nafuu, nenda." Asiyeweza kujibu hilo amekupa tumaini tu, hajakupa ushauri. Yule wa dakika nne ungemuuliza hivyo, ungekuwa na tarehe ya kurudi na nyumba isingejikuna wiki tatu.

Kuna mambo mengine ya ngozi ambayo hayafai hata kupigiwa picha kwanza, au ukipiga, piga mkiwa njiani. Midomo au ulimi ukivimba ghafla na mtu anahema kwa shida, iwe baada ya kuumwa na nyuki, chakula au sindano, huyo ni wa kukimbizwa. Mtoto mwenye homa akitoka madoa yasiyofifia ukiyakandamiza kwa bilauri ya kioo, naye vilevile, na kwa mtoto mweusi tafuta madoa hayo kwenye nyayo, viganja, ufizi na ndani ya kope, maana mgongoni hayatakuonyesha. Mtoto mchanga wa siku chache mwenye malengelenge au usaha kwenye ngozi, usimsubirishe kwa ajili ya bando.

Na kuna hili la dawa, ambalo mimi nina kisa nalo. Zamani, kabla simu hazijawa na kamera, tulimpokea wodini mama mmoja siku ya tano tangu atoke vipele. Alikuwa amemeza Septrini wiki mbili kabla. Kwao walisema tetekuwanga, wakamwogesha majani. Alipofika kwetu midomo ilikuwa imechubuka, macho hayafunguki, na ngozi ya mgongo inavuka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji. Sikuwahi kusahau harufu ya ile shifti. Basi sikiliza: mtu yeyote aliyeanza dawa mpya ndani ya wiki chache, akatoka vipele pamoja na homa, na vidonda vya mdomoni, machoni au sehemu za siri, au ngozi ikauma badala ya kuwasha, huyo asimeze dozi inayofuata kabla hajaonwa, na aonwe siku hiyohiyo. Dawa zinazojulikana zaidi kwa balaa hilo ni zenye salfa kama Septrini na SP ya malaria, baadhi ya dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin, nevirapine iliyokuwa kwenye ARV za zamani, na allopurinol ya gauti. Beba pakiti zote uende nazo. Picha ya pakiti ina thamani kuliko picha kumi za vipele.

Tusiinyime picha haki yake, lakini. Yapo mambo ambayo inayaweza karibu peke yake. Mkanda wa jeshi hujionyesha: malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mwili kama mshipi ulioishia katikati. Daktari akiona hiyo mapema anakuwahisha dawa, kwa sababu dawa ya virusi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72, na ukitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua anakutuma kwa daktari wa macho kabla jicho halijaharibika. Mchubuko wa mdudu Nairobi flai nao, ule mstari kama umeunguzwa na moto, ambao watu wanadhani wamerogwa usiku, mtaalamu anautambua akiwa anakunywa chai. Na Machi 2025 Wizara ilipotangaza wagonjwa wa kwanza wa Mpox nchini, faida moja ya kutuma picha kwanza ilikuwa wazi: mwenye vipele vya kutilia shaka hapandi daladala tatu na kukaa benchi moja na wajawazito ili tu aambiwe ajitenge.

Kwenye mguu wa mama, picha haikuweza kupima joto, haikuweza kubonyeza ikasikia kama chini ya ngozi kuna kitu kinachotatarika kama chumvi jikoni, haikuweza kupima presha. Hayo yanataka mkono. Na mkono huo upo karibu kuliko unavyofikiri. Simu ninayoipenda kuliko zote si hii ya mgonjwa kwa daktari. Ni ile ya mtaalamu wa afya kwa mtaalamu wa ngozi. Mama anafika zahanati au kituo cha afya, tabibu anamgusa, anapima homa, presha na sukari, halafu yeye ndiye anayemtumia bingwa picha akiwa na majibu hayo. Pale hospitali ya KCMC Moshi, tangu 1992, kuna chuo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda huu, na wengi waliopita pale ni maafisa tabibu waliorudi mikoani. Ulizia katika hospitali ya wilaya au ya mkoa kama yupo wa ngozi na anakuja siku gani, uandike. Siku ya shida si siku ya kuanza kutafuta namba. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, iweke kwenye simu ya yule kijana. Na daktari yeyote anayetaka pesa yako mtandaoni, jina lake likague kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hujalipa. Mwenye leseni haoni aibu kuulizwa jina kamili.

Kijana naye afundishwe kupiga picha, maana ndiye jicho lako. Apigie mlangoni au karibu na dirisha mchana, si juani wazi na si kwa flashi ya karibu inayong'arisha kila kitu. Kamera ya nyuma, na kioo chake akifute kwanza, simu za jikoni zina mafuta. Ile sehemu ya kurembesha aizime kabisa. Simu nyingi tunazonunua zinalainisha ngozi zenyewe bila kuombwa, na hapo unamtumia daktari mgonjwa aliyepona. Picha ya kwanza ionyeshe kiungo kizima ili daktari ajue yuko wapi, ya pili kwa urefu wa mkono, ya tatu karibu, na pembeni iwepo sarafu ya shilingi mia kuonyesha ukubwa. Kama mmepaka GV, majivu au dawa ya kienyeji, semeni, msione haya, kwa sababu zambarau ya GV na zambarau ya nyama inayokufa kwenye picha ni ndugu. Kwenye WhatsApp picha itumwe kama faili, ikitumwa kama kawaida inabanwa na kupoteza ukali. Usihangaike sana na simu ya video kwa mambo ya ngozi: inakula bando na inaonyesha ukungu. Picha tatu nzuri na maelezo mafupi vinamtosha mtaalamu zaidi.

Halafu kalamu. Uvimbe ukianza, chora mstari kwa kalamu ya wino pale unapoishia na uandike saa. Baada ya saa chache angalia. Uvimbe uliovuka mstari unaongea lugha ambayo hata kaka yako anaielewa, na hautaji majina matatu.

Zile programu zinazotumia akili mnemba kutambua vipele kwa picha, kwa dharura ziacheni. Nyingi zimefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe, na ukiipa mguu wa mama yako inaweza kukujibu kwa uhakika usiostahili.

Nimeliacha la mama mpaka hapa kwa sababu ndilo gumu. Mwanangu, mama yako ana haki ya kukasirika. Mwanamke wa miaka 61, kalala na homa, hajiwezi, mjukuu wa kiume anafunua khanga na kupiga paja, na picha inakwenda kwa wakwe. Hata sheria iko upande wake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka habari za afya ya mtu kwenye fungu la taarifa nyeti. Lakini mama hataki sheria, anataka sitara yake. Kufuta kwenye kundi sasa hivi hakutasaidia kitu, picha imeshakaa kwenye simu za watu. Ninachokushauri ni hiki: mtu mzima mmoja wa ukoo, ikiwezekana mjomba au shangazi anayeheshimiwa, aandike kwenye kundi bila kutaja paja wala picha, aombe kila mwenye picha za mgonjwa wetu azifute kwenye simu yake. Kijana aende kwa bibi yake mwenyewe, apige magoti, asitume ujumbe. Na wewe usimwambie mama "tulikuwa tunakuokoa". Mwambie ulikosea kutomwelekeza kijana, uishie hapo, umwache aseme anachotaka kusema.

Na mkubaliane naye, yeye akiwa na akili zake timamu na hana homa: siku nyingine nani atampiga picha, na itakwenda kwa nani. Wifi yako yupo. Khanga inaweza kusitiri mwili wote ikaacha pale panapohitajika tu, na uso hauna kazi kwenye picha ya mguu. Picha iende kwa daktari na kwako, na ukoo upewe taarifa kwa maneno. Mama akisema hataki kabisa picha, basi kuanzia hapo mguu ukivimba hakuna daktari wa simu, ni safari moja kwa moja, na hilo kaka alisikie kutoka mdomoni mwa mama, si kwako.

Kuhusu hiyo safari: tafuteni mwenye gari au bodaboda mmoja mnayemwamini, mpatane bei ya usiku leo hii wakati hakuna mgonjwa, na pesa hiyo ikae kwenye simu ya kaka isiguswe. Wewe changia. Sidhani kaka yako alibishana na daktari tu. Nadhani alikuwa anabishana na 30,000 ambayo hakuwa nayo na hakutaka kusema.

Nikuombe kitu kimoja wiki hii, kabla hakijatokea kingine. Mwambie wifi amwoshe mama miguu, aikaushe, aitazame katikati ya vidole mchana kweupe, kisha akutumie picha ya hapo. Miguu iliyowahi kupata maambukizi haya inaweza kupata tena, na mlango mara nyingi si mwiba, ni ule mpasuko mdogo wa fangasi kati ya kidole cha nne na cha tano ambao mkulima hauhesabu kama ugonjwa. Ukiona ngozi nyeupe iliyolowana na kupasuka, mpelekee yule dada daktari wa kwanza, si yule wa dakika nne.

Shangazi